Nyumba ya Mkopo, Mbuzi wa Kuazima

Sehemu ya tisa

Mlioniuliza wiki nzima kama ile taa iliwaka kweli, jibu ni ndiyo. Iliwaka. Jua la mchana liko utosini, mtu anaona hadi sindano iliyoanguka mchangani, na taa ya barabarani iliyokufa tangu siku ilipopachikwa ikafumbua jicho juu ya kichwa cha Mthamini.

Na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza kumwambia kwamba huku kwetu umeme tunausikia redioni.

Alitazama juu. Akanitazama mimi. Akatazama tena juu, kiganja kimekinga macho.

"Mzee," akasema, "ile ni nini?"

Nikamwambia ni nguzo.

"Namaanisha kwenye nguzo."

Nikamwambia huenda ni jua linagonga kioo. Hakubisha. Akasogea mpaka chini ya nguzo, akainua shingo kama mtu anayetafuta tundu kwenye bati, akakaa hivyo kwa muda. "Hapana," akasema. "Hii inawaka."

Kama hukusoma toleo lililopita usihangaike, kisa chenyewe kinaenea kiganjani. Mimi ni fundi baiskeli na ni mgane. Nyumba ninayokaa nimeipanga tangu nilipooa. Mke wangu aliingia humo bi harusi, na hakuhama mpaka Mungu alipomhamisha. Sasa bibi mwenye nyumba amezeeka, anakwenda kukaa kwa mwanawe, na anauza. Wanaoitaka ni wawili. Mmoja ni mwenye duka la saruji na nondo, ambaye atabomoa kila kitu aweke ghala. Mwingine ni mimi, ambaye mifukoni nina spoku.

Ndipo serikali ikaja na huruma zake. Ikatangaza mkopo wa nyumba kwa watu wa vijijini. Benki inakukopesha bila malipo ya awali, na serikali inasimama nyuma yako kama mdhamini. Niliposikia itasimama nyuma yangu nilishtuka kidogo, maana mtu akisimama nyuma yako huoni mikono yake inafanya nini. Lakini binti yangu ni mwalimu wa chekechea. Ana mshahara unaoingia kila mwezi, hata kama unaingia ukichechemea. Akaomba kwa jina lake. Benki ikasema sawa. Ofisi ya mikopo ya makazi ikasema sawa, itamtuma huyu Mthamini aje kuikagua nyumba, ila sharti lake kuu ni moja: nyumba iwe kijijini. Sio pembezoni mwa mji, sio mji mdogo. Kijijini.

Siku hiyo nilicheka mpaka nikakohoa. Maisha yangu yote kila ninachoomba naambiwa ningoje kwa sababu tuko kijijini. Maji, ngojeni. Lami, ngojeni. Daktari, huyo ndiyo msimtaje kabisa. Safari hii, kwa mara ya kwanza, kijiji ndicho kinachotakiwa. Nikajiambia hapa nimefika, maana kama kuna kazi moja ninayoiweza bila kufundishwa na mtu, ni kuwa mwanakijiji.

Nikasahau kwamba nina shemeji.

Shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu, ndiye mwenyekiti wetu. Mwaka mzima huu anahangaika ili hapa petu patangazwe kuwa mji mdogo. Mji mdogo una ofisi, ofisi ina kiti cha kuzunguka, na shemeji tangu ujanani mwake anapenda kuzunguka. Jumamosi hii mkubwa mmoja anakuja kukata utepe. Ndiyo maana zile taa zilipachikwa. Na ndiyo maana, wakati Mthamini amesimama mlangoni kwangu, fundi umeme wa shemeji alikuwa kule kwenye kona anazijaribu.

Turudi kwa Mthamini basi, tusimwache juani.

Alikuwa ameshatoa kalamu. Akanieleza kwa upole, na upole wa watu wa ofisini ndio unaonitisha kuliko ukali wao, kwamba mahali penye taa za umma hapawezi kupita hivihivi kama kijiji. Itabidi aulize. Nikamwambia taa moja haifanyi mji, kama ambavyo jino moja la dhahabu halimfanyi mtu kuwa tajiri. Akasema ni kweli, lakini anaona nyingine inawaka kule mbele, na nyingine, na nyingine.

"Basi ni kijiji chenye meno mengi," nikasema.

Akacheka. Hilo nalo liliniudhi. Mtu aliyekuja kukunyima nyumba hapaswi kuwa na kicheko kizuri.

Hapo binti yangu, aliyekuwa kimya kizingitini mikono kifuani, akamkaribisha ndani. Alisema kwa sauti ile anayowatulizia watoto wa chekechea, kwamba nje ni nje, aje aione nyumba yenyewe.

Moyo wangu ukarudi mahali pake. Ndani tulikuwa tumejiandaa.

Lazima mjue tulivyojiandaa. Jana yake majirani wote walikuja kunisaidia kuwa wa kijijini. Fundi redio alifunika lile dishi lake kwa magunia. Msusi wa jirani aling'oa kibao chake chenye picha ya mwanamke anayecheka, akakiweka chini ya kitanda changu, kikae na televisheni yangu ambayo nayo ilikuwa mafichoni. Nikachota mchanga nikamwaga sebuleni juu ya sakafu nyekundu, ile aliyoipiga rangi marehemu kwa magoti yake kila mwisho wa mwaka. Nilipoimwagia mchanga niligeuza uso. Lakini nyumba ni nyumba, sakafu tutaifagia tukishakuwa nayo.

Na juu ya yote hayo, Mama Pembe, jirani yetu wa nyuma, mwanamke mwenye mdomo mrefu kuliko kamba ya kisima, alituazima mbuzi wake. Wote. Tukawafungia jikoni.

Mthamini akavuka kizingiti, akapiga chafya. Akapiga ya pili. Beberu akatoa kichwa jikoni, akamtazama kama karani anavyomtazama mtu aliyekosea dirisha.

"Hawa mbuzi ni wa hapa?" akauliza.

Wasomaji wangu, kama kuna siku nilitakiwa kuwa bubu, ilikuwa ile. Lakini nilikuwa na raha. Nikamwambia ni wa hapa tangu babu wa babu yangu, kwamba sisi bila mbuzi hatulali usingizi. Akauliza kama huwa tunawauza. Nikasema kila mnada. Na maziwa? Nikasema maziwa hatuyamalizi, tunapeleka hadi kwenye hoteli za barabara kuu. Binti yangu alinikanyaga mguu. Mimi nikadhani ananihimiza, nikaongeza na kuku.

Mthamini akashusha kalamu taratibu.

"Pole sana, mzee," akasema. "Mkopo huu ni wa makazi, si wa mifugo. Nyumba inayoendesha mradi wa ufugaji inahesabiwa kuwa ya biashara. Hiyo haidhaminiwi."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Maneno yakawa yaleyale.

Sasa nielewesheni ninyi mliosoma, mimi niliishia pale mwalimu alipochoka nami. Hawa wakubwa wetu walikaa kwenye chumba chenye feni, wakanywa chai, wakaandika kwamba wanamtaka mtu wa kijijini. Sawa. Lakini asifuge. Asilime cha kuuza. Awe na mshahara wa kila mwezi kama karani, ila usiwe mshahara mkubwa. Awe na choo kizuri na maji safi, ila asiwe na taa mlangoni. Benki za kawaida ziwe zimemkataa, lakini awe mtu wa kuaminika. Mtu huyo wamemwona wapi? Nadhani walimchora ukutani kwanza, ndipo wakamtungia mkopo.

"Mbuzi si wetu," akasema binti yangu.

Nikamkonyeza. Nikakonyeza tena, mpaka jicho likauma.

"Baba, acha. Mbuzi ni wa kuazima," akamwambia Mthamini. "Huu mchanga tumeumwaga jana. Chini yake kuna sakafu ya saruji. Televisheni iko chini ya kitanda."

Sijawahi kumwona mtu akitafuta pa kuweka macho kama Mthamini. Akayaweka kwa beberu.

"Mnaazima mbuzi," akasema, kama mtu anayejifunza lugha.

Na hapo, kana kwamba mkosi ulikuwa haujashiba, mlango wa nyuma ukafunguliwa na Mama Pembe akaingia. Alikuwa amejibanza dirishani muda wote akisikiliza, na jambo moja lilikuwa limemkaa kooni.

"Nani anauza mbuzi wangu kila mnada?"

Nikajaribu kumweleza kwamba yalikuwa maneno tu. Akasema maneno tu ndiyo yaliyomtajirisha kaka wa mke wangu, na sasa naona na mimi nimeanza. Akasema na maziwa anayaulizia, hayo tusiyoyamaliza, kwa sababu mbuzi wake mwaka huu hawajatoa hata la kutia kwenye chai. Akawatoa mmoja mmoja, akiwahesabu kwa sauti mbele ya mgeni, na alipofika kwa beberu akamgeukia Mthamini.

"Na wewe baba, mpe huyu mzee nyumba yake. Mwongo ni mwongo, lakini kodi hajawahi kuchelewesha."

Akatoka na kundi lake. Ukabaki mchanga na harufu.

Nilijua mkopo umekufa. Mtu akikamatwa anadanganya ofisi, ofisi haimsamehi, kwa sababu huo mchezo ni wa kwao. Nikaketi kwenye kochi, nikangoja anisomee hukumu. Badala yake Mthamini naye akaketi, akavua kiatu, akakung'uta mchanga.

Akatuambia sisi si wa kwanza. Kuna mahali alipokwenda walifunika kituo cha mafuta kwa maturubai, wakamwambia chini yake kuna msiba. Akavua kofia, akasimama kimya kwa heshima, mpaka pikipiki ikaja kujaza tangi. Kwingine walimvalisha meneja wa benki gunia. Akasema hatawaandika mbuzi, maana akianza kuandika mbuzi wa kuazima hatarudi nyumbani kwake.

"Lakini taa siwezi kuzifumbia macho," akasema. "Hizo haziko chini ya kitanda. Nahitaji kiongozi wa eneo hili aniambie kwa mdomo wake, leo, kama hapa ni kijiji au ni mji. Neno lake ndilo nitakaloandika. Mwenyekiti wenu ni nani?"

Binti yangu akanitazama. Mimi nikatazama dari.

Hatukuhitaji kumtuma mtu. Shemeji alikuwa tayari barabarani, amesimama chini ya taa zake na koti zito kwenye jua lile, miwani myeusi usoni, anazitazama kama mtu anayewatazama wajukuu. Mimi na yeye hatujazungumza tangu tulipotoka makaburini. Tukikutana njiani mmoja wetu hukumbuka ghafla kwamba kuna kitu amesahau alikotoka.

Mthamini akatoka, akajitambulisha kuwa anatoka makao makuu. Hilo ndilo alilosema, makao makuu, na shemeji hakungoja la pili. Alidhani ni mmoja wa watangulizi wa yule mkubwa wa Jumamosi. Koti likakazwa vifungo, na Mthamini akauliza swali lake, kijiji au mji.

Jamani. Shemeji akafunguka kama bomba lililopasuka. Ni mji, akasema, tena mji uliokamilika, uliochelewa kutangazwa kwa wivu tu wa watu wachache. Akaonyesha taa. Akaonyesha mtaro. Akataja soko, ambalo ni meza za akina mama wawili wasiosemezana, akataja kituo cha mabasi, ambacho ni jiwe. Kila alichokitaja kilikuwa msumari, na jeneza lilikuwa langu. Mimi nilisimama mlangoni kwangu namsikiliza, na kusema kweli nilipata raha chungu, raha ya mtu aliyebashiri mvua akiwa hana mwavuli. Si nilisema? Nani mwingine angeniangusha kama si kiongozi, tena wa nyumbani?

"Kwa hiyo niandike mji," akasema Mthamini.

"Andika. Ukitaka andika kwa herufi kubwa."

Binti yangu akapita ubavuni mwangu, akaenda mpaka waliposimama.

"Shikamoo mjomba," akasema. "Huyu hakuja kwa mambo ya Jumamosi. Amekuja kwa ajili ya nyumba ya mama. Akiandika mji, hatukopeshwi. Tusipokopeshwa, mwenye duka la nondo anabomoa wiki ijayo."

Miwani myeusi ni kitu kizuri, inaficha mengi, lakini haifichi mdomo. Mdomo wa shemeji ulibaki wazi. Halafu, kwa kuwa ni kiongozi, akajaribu njia ya kiongozi. Akamwambia Mthamini kwamba suala hili lina pande mbili. Kwa upande wa barabara, hapa ni mji. Kwa upande wa nyumba hii, na labda na ile ya Mama Pembe, bado ni kijiji.

Mthamini akasema hana nafasi ya pande mbili. Ana nafasi ya neno moja.

Shemeji akanigeukia mimi, mara ya kwanza baada ya muda wote ule. Alizungumza kwa sauti ya chini. Akasema nisidhani ni kiti anachokitafuta. Mji mdogo utaleta zahanati. Mji mdogo utaleta gari la wagonjwa. Akasema amebembeleza ofisi ngapi, amenyeshewa mara ngapi, na kwamba neno lake moja leo litaua kazi ya mwaka mzima, maana likishaandikwa kijiji, huko juu wataifuta Jumamosi na hawatairudisha. Akaniuliza mimi ningefanya nini.

Nilikuwa na jibu la kumtia aibu mbele ya watu, nimelipika muda mrefu. Binti yangu akanitangulia.

"Mjomba, siku mama anatokwa na damu tulipiga simu ya gari la wagonjwa," akasema. "Simu uliishika wewe. Wakauliza hapa ni mji au kijiji. Uliwajibu nini?"

Shemeji akatazama viatu vyake.

"Nilikuwa nimekaa pembeni yako. Uliwajibu nini?"

"Kijiji," akasema shemeji.

"Wakasema nini?"

"Wakasema gari haliendi vijijini."

Hilo lililofuata halikusemwa, maana wote watatu tunalijua. Nilimweka mke wangu kwenye keria ya baiskeli, nikamfunga kwangu kwa shuka ili asianguke, nikakanyaga. Mimi fundi, mwenye baiskeli isiyolia hata mnyororo. Tulikuwa hatujafika kwenye daraja nilipohisi shuka limekuwa zito. Kaka yake alikuwa anakimbia nyuma yetu kwa miguu, na viatu vilimtoka, na hakurudi kuviokota. Hicho sikukisema katika sehemu zote nane mlizosoma. Leo basi nimekisema.

"Siku ile ulisema kweli ikatugharimu," akasema binti yangu. "Leo tunakuomba useme kitu kilekile. Basi."

Shemeji akavua miwani. Macho yake ni ya dada yake, ndiyo maana huwa ninamkwepa njiani. Akazitazama taa zake, moja baada ya nyingine, mpaka kule kwenye kona alikokuwa fundi umeme akimpungia mkono kwamba zote ni nzima.

"Andika kijiji," akasema.

Mthamini akamuuliza kama ana hakika. Akamkumbusha kwamba huko juu watalijua kabla ya Jumamosi.

"Andika kabla sijarudi kuwa mwenyekiti."

Akaweka sahihi mgongoni mwa fundi umeme, aliyekuja mbio kuleta habari njema na akageuzwa meza. Halafu shemeji akaanza kuondoka. Nilitaka kusema kitu, lakini mdomo wangu haukuzoea njia hiyo.

"Usinishukuru, shemeji," akasema bila kugeuka. "Sikufanya kwa ajili yako."

"Wala sikuwa na nia," nikamjibu.

Nadhani tulipatana.

Kilichofuata kilikuwa kama ndoto ya mtu mwingine. Mthamini akarudi ndani na tepu yake, na safari hii kila alichokigusa kilikubali. Akagonga kuta, kuta zikajibu vizuri. Akapanda ngazi akachungulia paa, akasema limewekwa na mtu mwenye dini. Akafungua maji, yakatoka, na yakatoka meupe, jambo ambalo mimi mwenyewe lilinishangaza. Jikoni akasimama mbele ya dirisha dogo lililo juu ya meko, akauliza kwa nini limewekwa upande wa barabara. Nikamwambia marehemu alilitoboa ili awe ananiona nikirudi, apate kujua aweke chai au aweke maneno. Akacheka tena. Safari hii kicheko chake hakikuniudhi.

Sebuleni akasukuma mchanga kwa ncha ya kiatu mpaka sakafu nyekundu ikatokeza. Akasema ni sakafu nzuri, tusiifanyie hivi tena.

Halafu akasema maneno ambayo hakuna mtu wa serikali aliyewahi kuniambia tangu nizaliwe.

"Mzee, imepita."

Nikaketi. Nikajaribu kutafuta kasoro ndani ya hayo maneno, maana lazima huwa ipo, sikuiona. Imepita. Nikafikiria mwenye duka la nondo akisimama nje ya mlango wangu na tingatinga lake la kukodi, na mimi natoka nimevaa fulana, narudi, nafunga mlango kwa ndani. Nikafikiria nitaanzia wapi kupaka rangi.

"Limebaki swali moja," akasema Mthamini, "na hili ni la mwombaji mwenyewe. Ni kawaida tu, wote hulijibu huku tunafungasha." Akamgeukia binti yangu. "Nyumba hii itakuwa makazi yako wewe? Utaishi humu, wewe mwenyewe, si kwa kupangisha, si kwa kumwachia mtu?"

Kalamu ikangoja.

Nikacheka kidogo. Nikamwambia Mthamini amezaliwa humu huyu, meno yake ya utoto yako juu ya paa hilo ulilolisifu.

Binti yangu hakucheka.

"Andika hapana," akasema.

Nikamwambia hajasikia swali. Akasema amelisikia. Nikamwambia amechoka, ni harufu ya mbuzi. Akakaa chini mbele yangu, juu ya mchanga ule, na gauni lake la kazi, kama anavyokaa na watoto wake shuleni anapotaka kuwaambia jambo gumu.

"Nimehamishwa, baba. Shule ya mbali, mwisho kabisa wa reli. Naondoka mwezi ujao." Akasawazisha mchanga kwa kiganja. "Hawakunihamisha. Niliomba mwenyewe."

Nikamuuliza tangu lini. Akasema kabla ya mkopo. Nikamuuliza sasa huu mkopo aliuombea nini, ametuingiza kwenye mambo ya taa na mbuzi na mjomba wake amejiua kisiasa pale nje, kwa ajili gani.

"Kwa sababu ulikuwa unautaka, na mimi sikuweza kukwambia hapana. Nilijua watakwambia wao." Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti ilikuwa nzima. "Umenilea ukiniambia hawa watu hawajawahi kukubali kitu. Kila siku, mezani, asubuhi na jioni. Nikaona sina haja ya kukuvunja moyo mimi. Nilikuwa nawategemea, baba."

Mthamini akakohoa. Akaitazama kalamu yake, akaitikisa kama imeishiwa wino, na haikuwa imeishiwa. Akasema, bila kumtazama yeyote, kwamba masikio yake leo yana vumbi na hakulisikia jibu vizuri. Atatoka nje kidogo kukung'uta viatu. Akirudi atauliza tena, mara moja tu, na safari hiyo ataandika atakachosikia.

Akatoka.

Nikageuka huku na huku nitafute wa kumlaumu. Mwenyekiti ameshaondoka. Makao makuu yako nje yanakung'uta viatu. Tulibaki mimi na mwanangu juu ya mchanga, na kati yetu wawili hakuna mwenye cheo.

Akashika goti langu. "Useme wewe, baba," akasema. "Nikisema ndiyo nitabaki. Ukiniambia niseme, nitasema."

Nikafungua mdomo. Nje, nyayo zilikuwa zimeshageuka, zinarudi.